Hasi sio mbaya, ni kutoa tu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza, saikolojia nimechukua kama somo la kujazia tu maana niliambiwa rahisi, juzi tumefanya jaribio la maswali 20 ya kuchagua nimepata 9, na notsi nilikuwa nimezisoma mara nne mpaka naziota. Kilichoniuma zaidi ni hili: dereva anafunga mkanda ili ile kelele ya gari inyamaze, ni mfano wa nini? Nikachagua adhabu, si kelele inakera? Nikakosa. Halafu Pavlov na Skinner nawachanganya kila siku. Wiki ijayo kuna jaribio lingine, nisaidie.
Wa Mwaka wa Kwanza, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo swali la mkanda linaondoka na watu kila mwaka, jibu lake ni uimarishaji hasi, na kosa ni lilelile, mtu akiona neno hasi anaelewa kibaya. Hapa hasi ni ile ya hesabu, kutoa, na chanya ni kuongeza, basi. Uimarishaji maana yake tabia inazidi, adhabu maana yake inapungua. Sasa rudi kwenye gari: kimetolewa nini? Kelele. Kufunga mkanda kutazidi au kutapungua? Kutazidi, kesho atafunga kabla hata haijalia, kwa hiyo ni uimarishaji hasi. Ukinyang'anywa simu kwa kuchelewa kurudi nyumbani na ukaacha kuchelewa, hiyo ndo adhabu hasi.

Kuna mtego watungaji tunaupenda sana (nami nimo). Mtoto anagaragara dukani analilia pipi, mama kwa aibu ananunua, mtoto kimya. Usikimbilie kujibu, angalia kwanza wanamuuliza nani. Mtoto kaongezewa pipi, kesho atagaragara tena, huyo uimarishaji chanya. Mama kaondolewa kelele, kesho atanunua mapema zaidi, huyo ni hasi. Tukio moja, majibu mawili, na wote wawili wanafundishana ujinga hapo.

Pavlov wala hakuwa mtu wa saikolojia, alikuwa mwanafiziolojia wa St. Petersburg anachunguza mmeng'enyo wa chakula, na Nobel yake ya 1904 aliipata kwa hiyo kazi ya mmeng'enyo, kwa hiyo ukiulizwa usijaze mbwa na kengele. Alichokiona ni mbwa kutoa mate kabla chakula hakijafika mdomoni, kwa ishara tu iliyozoea kuja na chakula, kama hiyo kengele, na mate hayasubiri uamue. Skinner, mwanasaikolojia Mmarekani, panya wake wa majaribio lazima abonyeze kijiti kwanza ndo chakula kishuke. Chukua muziki wa baiskeli ya aiskrimu: ukiusikia tu mate yakakujaa, huyo Pavlov, ukichomoka mbio na hela yako kwa sababu jana ulichomoka ukapata, huyo Skinner.

Sasa hiyo ya kusoma mara nne ndo imekuponza zaidi kuliko Skinner. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, huko huko Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma, kuna walichorudia kukisoma na kuna walichofunika wakaandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 kurudia kusoma kulikuwa juu, asilimia 81 kwa 75, ndo maana mtu anafunga daftari anajiona kaiva. Baada ya wiki 1 mambo yakageuka, kurudia kusoma 42, kujijaribu 56. Wewe jaribio lako liko wiki ijayo, sio baada ya dakika 5.

Kwa hiyo funga hizo notsi, chukua karatasi tupu na uanze na hili: kichwa kinauma, unameza panadol, kinaacha, siku nyingine kikigusa tu unakimbilia panadol. Kimetolewa nini, na tabia imeenda wapi?