Shilingi ikishikwa kisha ikarudishwa, nani anaibana Hazina?

Swali: Wakati wa bajeti mbunge wetu alishika shilingi ya Waziri wa Fedha, kwa sababu fedha za mradi wa maji jimboni kwetu zilipitishwa na Bunge lakini hazikufika. Waziri akajibu, mbunge akarudisha shilingi, bajeti ikapita. Je, wabunge wana meno yoyote kwa Wizara ya Fedha? Kama wanayo, mimi mwananchi nitajuaje kwamba wanayatumia?

Jibu: Meno wanayo, ila mengi hayako pale ukumbini ulipotazama. Yako kwenye vyumba vya kamati, na yanauma pale tu mbunge anapofika na karatasi sahihi mkononi.

Tuanze na hiyo shilingi. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi kupitia mafungu, yaani sehemu za bajeti zenye namba, kila moja ya wizara au ofisi fulani, mbunge anaweza kutoa hoja ya kupunguza shilingi moja kwenye mshahara wa Waziri. Lengo ni kulazimisha mjadala, na kinachobaki baada ya mjadala ni maneno ya Waziri, kwa sababu yanaingia kwenye Taarifa Rasmi za Bunge kama ahadi ya Serikali. Kosa linalojirudia ni kurudisha shilingi, yaani kuiondoa hoja hiyo, baada ya kuambiwa "tutalifanyia kazi". Ahadi inayofaa ina vitu vitatu: kiasi, tarehe na fungu fedha zitakakotoka. Bila hivyo hakuna cha kufuatilia. Pia muda wa Kamati ya Matumizi una kikomo. Ukiisha, mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa pamoja bila kuhojiwa, kwa hiyo mbunge aliyepanga kusubiri fungu la mwisho huenda asisimame kabisa.

Katiba ya Tanzania nayo imeweka mipaka. Ibara ya 99 inazuia Bunge kushughulikia hoja ya kuongeza kodi au matumizi isipokuwa imependekezwa na Rais na kuwasilishwa na Waziri. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali. Wabunge wanayajua haya vizuri, na kura ya bajeti kuu hupigwa kwa kuita jina la mbunge mmoja mmoja. Kutegemea siku hiyo ndiyo iwe siku ya kuibana Hazina ni kuchelewa.

Sasa mradi wenu wa maji. Fedha zake hazimo kwenye fungu la Wizara ya Fedha, zimo Fungu 49, Wizara ya Maji. Hazina ndiyo inayozitoa. Hapo ndipo mpira unapopigwa huku na huku: Maji wanasema hawajapokea, Hazina wanasema hawajaletewa maombi yaliyokamilika. Mbunge anayetaka kuumaliza mchezo huo aombe tarehe tatu kwa maandishi. Mkandarasi aliwasilisha lini hati ya madai iliyothibitishwa? Wizara ya Maji ilipeleka lini maombi ya fedha Hazina? Hazina ilitoa lini, na kiasi gani? Tarehe hizo zikipangwa mstari mmoja, aliyekalia faili anaonekana bila mtu kugombana.

Watu wengi husema "Wizara ya Fedha" kana kwamba ni kitu kimoja, na maswali mengi hufia hapo. Fungu 50 ni Wizara yenyewe, yaani uendeshaji wake. Fungu 21 ni Hazina. Fungu 22 ni Deni la Taifa. Fungu 23 ni Mhasibu Mkuu wa Serikali. Ukiuliza riba ya mikopo kwenye Fungu 50 utajibiwa kwa ukweli kabisa kwamba haipo hapo. Halafu Katibu Mkuu wa Wizara ana kofia mbili: ni Afisa Masuhuli wa wizara yake, yaani mtendaji anayewajibika kwa fedha zake, na ni Mlipaji Mkuu wa Serikali kwa nchi nzima. Swali la mradi wenu linamhusu kwa kofia ya pili.

Kabla ya kwenda ukumbini, kila wizara hupeleka kwenye kamati randama yake, yaani andiko la maelezo ya bajeti yake. Jedwali la kusoma kwanza lina safu tatu: fedha zilizoidhinishwa, zilizotolewa na zilizotumika. Tuseme fungu liliidhinishiwa shilingi bilioni 100 za maendeleo, likapokea bilioni 48, likatumia bilioni 47. Taarifa inaweza kusema "matumizi ni asilimia 98", na si uongo, maana ni asilimia ya fedha zilizopokelewa. Ukipima kwa kilichoidhinishwa na Bunge, ni asilimia 47. Mjumbe asiyeuliza "asilimia ya nini?" ataipongeza wizara iliyokosa zaidi ya nusu ya fedha zake. Atenganishe pia fedha za ndani na za nje, kwa sababu ucheleweshaji wa fedha za ndani unaihusu Hazina moja kwa moja, ilhali za nje huweza kukwama kwa masharti ya mkopeshaji. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, hivyo kufikia mwisho wa Machi robo tatu za mwaka zimekwisha. Mradi ambao haujapata shilingi wakati huo una nafasi ndogo sana ya kuokolewa kabla ya Juni 30.

Kwenye kubana hasa, kazi kubwa ni ya Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, ikitegemea ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, CAG. CAG humkabidhi Rais ripoti ya mwaka ndani ya miezi tisa baada ya mwaka wa fedha kuisha, yaani kufikia mwisho wa Machi. Ibara ya 143 inataka ripoti hiyo iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kuanza kwa kikao kinachofuata, na isipowasilishwa CAG mwenyewe huipeleka kwa Spika. Baada ya hapo Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 inawataka maafisa masuhuli wajibu hoja za ukaguzi na kuandaa mpango kazi wa kuzifuta. Mlipaji Mkuu hukusanya majibu hayo, na majibu ya jumla hufika bungeni kupitia Waziri. Angalia mduara huo: Hazina inajibu hoja zake yenyewe, na papo hapo inakusanya majibu ya wengine. Kamati isipokuwa makini, majibu ya Hazina kuhusu Hazina hupita ndani ya lundo.

Ndani ya kikao cha PAC anayebanwa ni Afisa Masuhuli, wala si Waziri. Anakuja na wahasibu na wakaguzi wake wa ndani, na wataalamu wa CAG wako upande wa kamati. Kila pendekezo la ukaguzi lina hali yake: limetekelezwa, utekelezaji unaendelea, halijatekelezwa, au limepitwa na wakati. Pa kuchimba ni hapo penye "utekelezaji unaendelea", kwa sababu hoja inaweza kukaa kwenye hali hiyo miaka minne bila mtu kuigusa. Mjumbe mzuri anauliza: ilianza kuendelea lini, nini kimefanyika tangu ripoti iliyopita, kielelezo kiko wapi? Na hata "limetekelezwa" lidaiwe ushahidi, iwe ni stakabadhi, taarifa ya benki au barua. Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge inaipa kamati uwezo wa kuita mashahidi na kudai nyaraka, kwa hiyo "tutaleta baadaye" iwekewe siku.

Tahadhari moja kuhusu namba. Mwaka 2018 palizuka mjadala mkubwa juu ya tofauti ya takriban shilingi trilioni 1.5 kati ya makusanyo na matumizi kwenye ripoti ya CAG ya 2016/17. Serikali ilijibu bungeni kwamba ndani yake mlikuwamo hati fungani zilizoiva, mapato yaliyohesabiwa kwa mfumo wa malimbikizo lakini hayajakusanywa, na makusanyo ya Zanzibar. Kwa mbunge, funzo la kiufundi ni hili: kabla ya kuita tofauti "fedha zilizopotea", dai jedwali la usuluhishi, yaani linaloonyesha tofauti imetokana na nini, mstari kwa mstari, likiambatana na taarifa za benki. Kwa Hazina funzo ni zito zaidi. Jedwali hilo lingekuwa ndani ya hesabu tangu mwanzo, nchi isingeingia kwenye mabishano yale.

Udhaifu mkubwa wa njia hii ni muda. Miaka ya karibuni Bunge limekuwa likijadili taarifa za PAC mwezi Novemba. Fedha za mwaka ulioisha Juni zinajadiliwa miezi 16 baadaye, na waliozitumia pengine wameshahamishwa. Ndiyo maana ufuatiliaji wa robo mwaka una thamani kuliko hotuba kali.

Deni la Taifa nalo linaponyoka kirahisi. Mikopo ya Serikali hukopwa na Waziri wa Fedha chini ya sheria ya mwaka 1974, na Bunge halipitishi mkataba mmoja mmoja. Linapitisha jumla ndani ya bajeti. Hazina hupenda kujibu kwa uhimilivu, yaani uwezo wa nchi kulibeba deni: thamani ya sasa ya deni lote haijavuka asilimia 55 ya Pato la Taifa, wala deni la nje asilimia 40. Ni vipimo halali, lakini deni halilipwi kwa Pato la Taifa. Linalipwa kwa mapato yaliyokusanywa. Swali la Fungu 22 liwe: katika kila shilingi 100 ya mapato ya ndani, ngapi zinakwenda kwenye riba na marejesho, na mwakani zitakuwa ngapi? Lifuatiwe na sarafu ya mikopo mipya, kipindi cha neema kabla marejesho hayajaanza, na dhamana zilizotolewa kwa mashirika.

Muswada wa Sheria ya Fedha nao usomwe kifungu kwa kifungu. Tozo ya miamala ya simu ya mwaka 2021 iliingia kwa kurekebisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, viwango vikatoka kwenye kanuni za Waziri. Wananchi walilalamika, na Septemba mwaka huohuo viwango vikapunguzwa kwa asilimia 30. Kila kifungu kinachosema "Waziri ataweka viwango kwa kanuni" kinahamisha uamuzi nje ya Bunge. Wajumbe wa Kamati ya Bajeti wadai kuiona rasimu ya kanuni kabla ya kupiga kura, au waandike ukomo ndani ya sheria.

Njia kali kuliko zote ni ya kisiasa. Katiba haina kura ya kutokuwa na imani na Waziri mmoja. Ipo ya Waziri Mkuu, kwenye Ibara ya 53A, ikihitaji saini za asilimia 20 ya wabunge wote na taarifa ya siku 14. Aprili 2012, baada ya ripoti za CAG kuwasha moto bungeni, wabunge walianza kukusanya saini hizo. Hoja haikufika kwenye kura, lakini Mei Rais alibadilisha Baraza la Mawaziri, na Waziri wa Fedha alikuwa miongoni mwa walioachwa.

Kwa upande wako: mwandikie mbunge wako sasa, usisubiri Juni. Novemba Bunge hujadili mapendekezo ya Mpango wa Maendeleo, kabla ukomo wa bajeti haujafungwa, na hapo kuingiza au kuokoa mradi ni rahisi zaidi. Fungua Kitabu cha Nne cha bajeti, cha miradi ya maendeleo, uchukue namba ya mradi wenu na kiasi kilichoidhinishwa. Tafuta kwenye tovuti ya Bunge Taarifa Rasmi ya siku shilingi iliporudishwa, unakili jibu la Waziri neno kwa neno. Kisha mwombe mbunge azipate zile tarehe tatu kwa maandishi, na akupe nakala.