Kwenye daftari la matengenezo, "imetengenezwa" haitoshi

Nilipoanza kazi ya ufundi katika kiwanda kimoja cha kukamua mafuta ya alizeti mkoani Singida, nilikabidhiwa daftari la matengenezo lililojaa mpaka jalada la nyuma. Karibu kila mstari ulisomeka hivi: "Mashine namba 2 ilisimama. Imetengenezwa." Jasho la watu la miezi mingi, na sikupata humo la kujifunza.

Msimu ulipofika malori yakapanga foleni getini, na namba 2 ikawa inakufa kila baada ya siku chache. Bosi akataka kununua mpya. Nikamwomba mwezi mmoja. Nikachora safu tano: saa mashine iliposimama, saa fundi alipofika, saa spea ilipopatikana, saa ilipowaka tena, na sababu kwa maneno ya opereta aliyekuwapo.

Mwisho wa mwezi mashine ilikuwa imefanya kazi saa 400 na kusimama mara 8, yaani wastani wa saa 50 kutoka hitilafu moja hadi nyingine. Kusimama huko kulikula saa 32, wastani wa saa 4 kila mara. Ukiishia hapo utawalaumu mafundi bure. Safu zetu zilionyesha kwamba katika saa hizo 4, fundi alishika spana saa moja tu. Nusu saa ilipotea akitafutwa, na saa mbili na nusu zilikuwa za kungoja spea, maana mtunza stoo alikuwa akifunga jioni na kuondoka na ufunguo. Tukaweka beringi mbili na mkanda mmoja kwenye sanduku, ufunguo akabaki nao msimamizi wa zamu ya usiku.

Sababu ndizo zilizonifumbua macho zaidi. Mara 5 kati ya 8 ilikuwa beringi ileile ya upande wa puli, yaani gurudumu linalopitiwa na mkanda. Opereta wa usiku aliandika: "Imeanza kulia saa nane, nikasogeza mkono, joto kali." Tulipokagua kwa uzi ulionyooshwa, puli mbili hazikuwa kwenye mstari mmoja, na mkanda ulikazwa kupita kiasi ukawa unaielemea beringi. Siku zote tulibadilisha beringi tukauacha ugonjwa palepale. Tulizinyoosha puli, tukalegeza mkanda kwa kiasi chake, na mwezi uliofuata beringi hiyo haikutusimamisha hata mara moja.

Usipime kusimama peke yake, lakini. Mashine inaweza kuzunguka kutwa nzima huku inakula hasara. Skrubu ya kukamulia ikilika, kwa mfano kwa mbegu zenye mchanga, mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa, hutoka na mafuta ndani. Ukiyaminya, kiganja kinang'aa. Kwa hiyo tuliongeza kilo za mafuta kwa kila gunia la mbegu. Namba hiyo ikianza kushuka polepole, agiza skrubu mapema kabla msimu haujakolea.

Wengi huulizia kipimo cha ufanisi wa jumla alichokieneza Mjapani Seiichi Nakajima: sehemu ya muda uliopangwa ambayo mashine ilifanya kazi kweli, mara kasi, mara ubora. Asilimia 90 mara 95 mara 99 hukupa kama asilimia 85, lengo linalotajwa sana viwandani. Ni kipimo kizuri, ila kwa kiwanda kinachoanza ningeshauri kisubiri. Namba moja ya jumla haikuambii uende kwenye puli au kwenye stoo.

Na tafadhali, mtu asikatwe posho kwa kilichoandikwa humo. Siku opereta atakapoogopa, dakika kumi za kusimama hazitaandikwa, na daftari lote litakuwa la uongo. Sisi tulilisoma kila Jumatatu asubuhi kwa robo saa, tumesimama kando ya mashine, na wa kwanza kuzungumza alikuwa opereta aliyetoka zamu ya usiku.