Maswali ya wasomaji: Eti spika mpya mpaka ipigwe masaa 200 ndo ifunguke?

SWALI: Habari zenu wataalamu, nimenunua spika mbili mpya kabisa, zile ndogo za kuweka juu ya meza, sasa besi naiona kavu na sauti za juu zinachoma masikio, nikamrudia aliyeniuzia akasema nisiwe na haraka, spika mpya inataka masaa 200 ndo ifunguke, yaani sauti yake ikae vizuri. Ni kweli au ananizungusha? Maana muda wa kurudisha mzigo unaisha wiki ijayo.

JIBU: Ndugu yangu, naanzia hapo mwisho maana ndo penye haraka, usisubiri hayo masaa 200. Piga hesabu, ukisikiliza masaa 2 kwa siku hizo ni siku 100, na muda wako wa kurudisha utakuwa umeshapita kitambo. Hii habari ya masaa inaniudhi kweli, kwa sababu inamfunga mtu mdomo mpaka pesa yake haidaiki tena.

Haya, spika inabadilika au haibadiliki? Inabadilika, na ukiwa na vifaa unapima kabisa unaona. Koni ya besi imeshikwa na vitu viwili, ile raba ya pembeni inayozunguka koni, na kule nyuma kuna kitambaa cha mikunjo mikunjo kilichokaushwa kwa gundi, kazi yake kuishika koili, ule waya uliozungushwa unaoisukuma koni, isiyumbe. Hicho kitambaa kikiwa kipya ni kigumu, koni ikianza kwenda mbele na nyuma kinalegea, kwa hiyo ile hezi (idadi ya mitikisiko kwa sekunde) ambayo koni inatikisika yenyewe kirahisi inashuka, tuseme ilikuwa hezi 40 inakuja kwenye 36 au 37 hivi. Ila sehemu kubwa ya kulegea huko inatokea dakika za mwanzo mwanzo tu ukiipiga besi ya nguvu, sio mwezi wa pili. Tena ukiiacha ipumzike kitambaa kinarudisha ugumu kidogo.

Na hizo hezi 3 au 4 zinamezwa na boksi. Ndani ya boksi lililozibwa hewa nayo ni springi, na boksi likiwa dogo hiyo hewa ndo inabeba kazi kubwa kuliko kitambaa, na hewa hailegei hata uipigie muziki mwaka mzima. Isitoshe tofauti ya namna hiyo unaweza kuikuta kati ya spika mbili za modeli moja zilizotoka kiwandani siku moja.

Sasa wewe malalamiko yako makubwa ni sauti za juu, na hizo zinatoka kwenye twita ambayo mwendo wake ni mdogo mno, hata milimita haifiki, hapo hakuna cha maana cha kulegea. Jaribu kwanza kuzigeuza zisikutazame usoni, zishushe au zipandishe twita zisilingane na masikio, tandika zulia kama sakafu ni tupu, na ile besi kavu sogeza spika karibu na ukuta uone. Hapo utasikia mabadiliko ndani ya dakika 5. Kama bado zinachoma, zirudishe.

SWALI: Mimi nabisha. Hedifoni zangu siku ya kwanza zilikuwa mbaya sana nikataka kuzigawa, baada ya wiki kadhaa zikawa tamu, nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe, mtaniambia nini?

JIBU: Sikatai kwamba ulisikia, nakwambia tu kilichobadilika kinaweza kuwa kitu kingine. Kwanza zile sponji za masikioni, zikipata joto la kichwa na kubanwa kila siku zinalainika na kukaa vizuri, pengo lililokuwa linavujisha hewa linaziba, na hapo besi inaongezeka kweli kweli. Hilo linapimika.

Pili ni ubongo wako, na mimi naona huu ndo una kazi kubwa kuliko vyote. Ulizoea hedifoni za zamani, mpya zikaonekana kama zina kasoro, baada ya wiki kadhaa ubongo umeshazichukua hizi mpya ndo kipimo. Na kumbukumbu ya vitu vidogo vidogo vya sauti ni ya sekunde chache tu, huwezi kulinganisha leo na wiki tatu zilizopita. Halafu jiulize, mbona kila anayesimulia habari hii anasema kifaa kilizidi kuwa kizuri? Kama ni raba na gundi tu zinalegea, wengine si wangesema imeharibika jamani!

Unaweza kujaribu mwenyewe ukipata spika mbili mpya. Siku ya kwanza zilinganishe kwanza uone kama tayari zinatofautiana, halafu moja irudishe kwenye boksi lake la dukani, nyingine ipige wiki nzima. Baada ya hapo ziweke pamoja, wimbo mmoja, sauti zilingane kabisa kwa kupima maana hata desibeli 1 ikizidi utaona hiyo ndo nzuri, mtu mwingine awe anabadilisha huku wewe hauoni, na zibadilishane nafasi pia. Taja ipi ni ipi mara 10. Ukipatia 9 au zaidi nitakusikiliza, kwa sababu kwa kubahatisha tu hiyo inatokea kama mara 1 katika 100.

SWALI: Na waya je, na amplifaya?

JIBU: Waya hapana. Shaba haijui kama umeme uliopita jana ulikuwa muziki, hakuna kitu ndani yake cha kulegea wala kuzoea. Amplifaya ya kawaida ya transista ni hivyo hivyo, ukiiwasha iko tayari. Ya valvu zile za kioo ndo tofauti, hiyo ipe kama nusu saa ipate moto vizuri kabla hujaisema, na hiyo ni kila ukiiwasha, sio ikiwa mpya tu. Na kama ni ya zamani imekaa stoo miaka mingi usiichomeke tu moja kwa moja, kapasita zake kubwa, vile vifaa vya kutunzia umeme, zikikaa muda mrefu bila umeme utando wa ndani unadhoofika, zikipigwa umeme wote ghafla zinaweza kupasuka, mpelekee fundi aipandishie umeme kidogo kidogo.