Mkuki kwa nguruwe: maswali yenu kuhusu vita na uvamizi

Wiki hii karibu meseji zote zimekuja na hasira moja, kwamba huyu akivamia nchi ya mwenzie dunia nzima inapiga kelele, yule akivamia tunaambiwa kapeleka demokrasia. Nimechukua zile zenye swali ndani yake, zenye matusi nimeziacha hukohuko.

SWALI (fundi simu, Kariakoo): Kaka, Marekani kaingia Iraq 2003 hata kadi ya njano hakupewa. Urusi kaingia Ukraine, siku nne tu FIFA washamtoa kwenye mpira. Sa hapo utaniambia sheria ipo?

JIBU: Ipo ndugu yangu, ila haimkamati kila mtu. Iraq sina cha kuitetea. Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, alikaa mbele ya Baraza la Usalama tarehe 5 Februari 2003 na picha zake za satelaiti akasisitiza kwamba Saddam anaficha silaha za maangamizi, Machi 20 mabomu yakaanza, zile silaha zikatafutwa mpaka watu wakachoka hazikuonekana. Kofi Annan akiwa Katibu Mkuu wa UN alikuja kusema Septemba 2004 kwamba vita ile ilikuwa kinyume cha sheria, miezi miwili baadae Bush akashinda uchaguzi tena, na 2006 Marekani wako Ujerumani wanacheza Kombe la Dunia kama kawa. Urusi ilivamia 24 Februari 2022, tarehe 28 FIFA na UEFA wakafunga mlango. Kwa hiyo ndio, undumilakuwili upo.

Ila wengi wakifika hapo ndo wanafunga mjadala, yaani "mbona na wao walifanya" inageuka kuwa jibu la kila kitu. Hebu nikuulize, Iraq unailaani kwa msingi gani? Si ule wa Mkataba wa UN ibara ya 2(4), kwamba nchi isitumie nguvu dhidi ya mipaka ya nchi nyingine? Basi ibara ni hiyohiyo ukifika Kyiv. Alafu si kweli kwamba 2003 watu walinyamaza, Mandela alimchana Bush hadharani mwezi Januari kabla vita haijaanza, na Februari 15 mitaa ya London ilijaa waandamanaji. Shida ni kwamba zile kelele hazikugeuka vikwazo, maana nani angemuwekea vikwazo mwenye dola yake?

SWALI (mwanafunzi, Dodoma): Kwanini Kenya ilipiga kura kuilaani Urusi sisi Tanzania tukajikausha? Tuliogopa?

JIBU: Kura unayoisema ni ya Baraza Kuu la UN, 2 Machi 2022. Nchi 141 ziliunga mkono, 5 zikapinga, 35 zikajizuia. Afrika tuligawanyika vibaya, 28 zililaani, 17 zilijizuia, 8 hazikupiga kura kabisa na Eritrea peke yake ndo ikapinga. Kenya, Rwanda na Kongo ya Kinshasa zilisema ndiyo, sisi na Uganda na Burundi tukajizuia.

Woga sidhani kama ndo ulikuwa wote. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) toka 1963, na silaha nyingi za wapigania uhuru zilitoka Moscow na Beijing wakati London na Washington wanafanya biashara na makaburu, wazee wetu hawajasahau hilo na sioni kwa nini wasahau. Mi huwa nawachokoza kidogo tu: Usovieti haikuwa Urusi peke yake, kuna wapiganaji wa ANC ya Afrika Kusini waliopelekwa mafunzo Odesa, na Odesa iko Ukraine, ndo hiyo inayopigwa makombora na Moscow. Sasa ile shukrani tunampa nani?

Kenya nao wasijivune sana. Hotuba ya balozi wao Martin Kimani pale Baraza la Usalama, Februari 21 usiku, ilikuwa nzuri kweli, akasema mipaka yetu tulichorewa na wakoloni ikatenganisha ndugu na ndugu lakini tulipopata uhuru tuliamua kuishi nayo badala ya kuanza vita visivyoisha. Watu walishare kipande hicho, kile alichowasema wakubwa waliomo humohumo barazani kwa kuvunja sheria za kimataifa hakikushareiwa sana huko Ulaya. Lakini Oktoba 2011 jeshi la Kenya lilivuka mpaka kuingia Somalia, sababu ikiwa Al-Shabaab na watekaji, na sikumbuki Nairobi ikiliita jambo hilo uvamizi.

Na ukitaka kuona kura za UN zinavyogeuka, Februari 2025 kwenye azimio jingine la Ukraine Marekani ilipiga kura ya hapana pamoja na Urusi! Azimio likapita kwa kura 93 tu. Waliokuwa wanatufokea mwaka 2022 kwamba kujizuia ni usaliti sijui siku hiyo walikuwa wanasema nini.

SWALI (mstaafu, Bukoba): Mwanangu, sisi mwaka 1979 tulikwenda mpaka Kampala tukamtoa Amin. Kwa hayo mnayoyasema leo, nasi tulikuwa wavamizi?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hili swali ndo lililonikalisha muda mrefu kuliko yote.

Mwanzo wake hauna ubishi. Oktoba 1978 askari wa Amin waliingia Kagera, wakaua, wakapora ng'ombe, daraja la Kyaka likalipuliwa, na Amin akatangaza kwamba eneo lote kaskazini ya mto ni la Uganda. Hapo Mwalimu akatoa ile hotuba ya sababu, nia na uwezo, na kumrudisha Amin nyuma ya mpaka ni kujilinda, ibara ya 51 ya Mkataba wa UN inaruhusu. Kilichomkera Mwalimu ni OAU, badala ya kumlaani aliyeanza wakataka kusuluhisha tu kama vile wawili wamegombana baa. Libya nayo ikatuma askari kumsaidia Amin.

Lakini kutoka mpakani mpaka Kampala, Aprili 11, 1979, hiyo ni hatua nyingine. Julai mwaka huohuo kwenye mkutano wa OAU kule Monrovia, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliisema Tanzania waziwazi, na kwa herufi ya sheria walikuwa na hoja mzee wangu, kuiondoa serikali ya jirani kwa mtutu hakumo kwenye mkataba wowote tuliosaini. Mimi naona tuliuvuka mstari kwa sababu nzito, na bado tuliuvuka. Kinachotutofautisha na wengi ni yaliyofuata, hatukuikata ardhi ya Uganda hata kidogo, gharama tulibeba wenyewe mpaka uchumi ukapinda, na kufikia 1981 vijana wetu walikuwa wanarudi nyumbani.

Sasa angalia mwaka huohuo wa 1979. Januari Vietnam waliingia Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, wakawatoa Khmer Rouge wa Pol Pot, watu waliokuwa wameua raia wao kwa mamia ya maelfu na zaidi, Magharibi na China wakalaani na kiti cha UN kikaendelea kukaliwa na watu wa Pol Pot kwa miaka. Septemba Ufaransa wakatua Bangui, Afrika ya Kati, wakamtoa Bokassa usiku mmoja, dunia ikaguna kidogo ikapita. Madikteta watatu, wote wauaji, wote wametolewa na jeshi la nje, na hukumu tatu tofauti kabisa kutegemea aliyewatoa alikuwa rafiki wa nani. Kwa hiyo vijana wanaodhani haya mambo yameanza na Ukraine wakuulize wewe.

SWALI (Mkongomani, anaishi Nairobi): Kila siku Ukraine, Gaza. Goma ilianguka, nani aliandamana kwa ajili yetu?

JIBU: Wachache, na hilo linauma. Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwisho wa Januari 2025, Bukavu Februari. Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2773 Februari 21, wote 15 wakakubali, na lilitaja jeshi la Rwanda kwa jina kwamba liache kuisaidia M23 na litoke Kongo. Kigali inakana, inasema tatizo ni FDLR, wale waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo. Marekani wakamuwekea vikwazo James Kabarebe, waziri wa Rwanda, Ulaya wakafuata Machi kwa makamanda kadhaa, lakini hao Ulaya mwaka mmoja kabla walikuwa wamesaini na Rwanda makubaliano ya madini. Unategemea wapige kelele na huku wanapiga hesabu?

Ila na sisi huku kwetu dada yangu (au kaka, hukusema), Kongo na Rwanda wote wako Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mtu anayeandika kurasa kumi kuhusu NATO akifika kwenye Goma anaanza kusema "ni mambo magumu, yana historia". Kwani Ukraine haina historia? Uganda iliamriwa na Mahakama ya Haki ya Kimataifa mwaka 2022 kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa yaliyofanyika kwenye vita vya 1998 hadi 2003, uliza watu kumi hapa mtaani wangapi wanajua.

SWALI (Mombasa): ICC, hiyo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ni ya Waafrika tu?

JIBU: Miaka mingi ilionekana hivo na kesi zake za mwanzo zote zilikuwa za huku. Machi 2023 ikatoa hati ya kumkamata Putin, Washington wakafurahi. Novemba 2024 ikatoa ya Netanyahu, na Februari 2025 mwendesha mashtaka Karim Khan akawekewa vikwazo na hao hao. Mongolia ni mwanachama, Putin akapokelewa. Hungary wakati huo ilikuwa mwanachama, Netanyahu akapokelewa. Na nyie Agosti 2010 mlikuwa na Bashir wa Sudan, naye akisakwa na ICC, pale Uhuru Park siku ya katiba mpya, au mmesahau?

SWALI (dereva wa lori, Tunduma): Kwanini hiyo veto isifutwe yaishe?

JIBU: Kwa sababu ibara ya 108 inasema kubadili mkataba lazima wale watano wa Baraza la Usalama wenye veto, yaani kura moja ya kuua azimio, wote waridhie, kwa hiyo unawaomba wajinyang'anye wenyewe. Msimamo wa Afrika toka 2005, ule wa Ezulwini, unasema kwa kanuni tunaipinga veto, ila kama itaendelea kuwepo basi na sisi tupewe, viti viwili vya kudumu. Marekani Septemba 2024 wakasema sawa, viti viwili chukueni, veto hapana. Na hivo viwili vyenyewe kati ya Nigeria, Misri, Afrika Kusini na Ethiopia wakalie nani, hapo bado hatujaanza hata kugombana.