Fidla zinachoma masikio: ninunue spika gani?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Moshi. Jioni nikishamaliza kusahihisha madaftari napenda kusikiliza Haydn, yule mtunzi wa zamani wa Ulaya, hasa zile tungo zake za fidla mbili, viola na chelo. Spika nilizonazo, fidla zikipanda juu zinachoma masikio mpaka mke wangu ananiomba nipunguze. Amplifaya ninayo, nzima kabisa. Nina laki nane za kununua spika mbili ndogo za kuweka kwenye rafu. Ninunue zipi?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Kabla hujatoa hata senti, itazame sebule. Kama chini ni vigae na kuta ziko tupu, sauti za juu zinagonga na kurudi. Tandika zulia kati ya kiti na spika, shusha pazia zito, usikilize tena. Mteja wangu mmoja wa Upanga alighairi kununua spika kwa ajili ya zulia tu.

Zikiendelea kuchoma, tafuta zenye twita, yaani kile kispika kidogo cha sauti za juu, ya kitambaa laini. Kwa bei za chini, hizo ndizo ninazoziamini kwenye fidla. Mimi ningekutafutia Wharfedale Diamond 12.1: wufa, yaani ile kubwa ya sauti za chini, ya milimita 130, twita ya kitambaa ya milimita 25. Aliyeianzisha kampuni hiyo mwaka 1932 kule Yorkshire, Uingereza, Gilbert Briggs, alikuwa mpenzi mkubwa wa piano. Besi nzito usiitegemee. Uzi mnene wa chelo ukipigwa wazi hutikisika kama mara 65 kwa sekunde, na hapo ndipo spika ya ukubwa huo inapoanza kuchoka. Kwa Haydn wako wa watu wanne hutapungukiwa sana. Ungeniambia kinanda cha kanisani, ningekushauri uweke akiba kwanza.

Zikikushinda bei, nunua zilizotumika, ila zikague mwenyewe. Tazama ule mzingo unaoshika wufa. Wa mpira hudumu. Wa sponji, kwa joto na unyevu wetu wa pwani, huliwa ukabaki unga vidoleni. Kisha weka vidole vinne kuizunguka wufa katikati, uisukume ndani polepole na kwa usawa. Ikikwaruza, hata kidogo, koili, ule waya uliozungushwa ndani yake, imeungua au imepinda. Mrudishie mwenyewe. Twita usiiguse kabisa, itabonyea.

Na dukani usikubali kupigiwa muziki wa muuzaji. Atakuwekea wimbo wa besi, kila spika itakupendeza. Nenda na Haydn wako, keti, sikiliza fidla ya kwanza ikipanda, kwa dakika 20, si 2. Spika kali hupendeza mwanzoni, uchovu huja baadaye.

Ukifika nyumbani, twita ziwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa. Kama spika ina tundu nyuma, iache mbali kidogo na ukuta. Halafu niandikie mama amesemaje.