Hujala? "Yes." Maswali yenu kuhusu Kiingereza cha kuzungumza

Barua ya kwanza imechukua zaidi ya nusu ya ukurasa. Imetoka mlimani, na kule kosa dogo la lugha linaweza kumwangusha mtu. Wengine mnivumilie.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mgumu, huu ni mwaka wa sita nabeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro, njia ya Marangu, na nataka kusomea uongozaji. Sarufi shuleni nilifaulu. Lakini nikiwa mbele ya mgeni maneno yanapotea, na yale machache yanayotoka hayaeleweki. Majuzi nilimwambia mmoja "I have tired", akaniuliza nimemchosha nani. Nianzie wapi? – Mgumu, Marangu

Marahaba, mwanangu. Sentensi yako ilitoka kwenye Kiswahili kilichonyooka: *nimechoka*. Shuleni tulikaririshwa kwamba *-me-* ni "have", na mara nyingi inakubali. Nimefika, "I have arrived". Nimenunua buti, "I have bought boots". Ila *-me-* yetu ina kazi ya pili, na darasani huwa inapitwa haraka: inaeleza hali aliyonayo mtu sasa hivi. Nimechoka, nimeshiba, amelala, amesimama, amevaa. Hapo Kiingereza kinaiacha "have" na kuchukua "am, is, are": "I am tired", "I am full", "he is asleep", "she is standing", "she is wearing a red jacket". Ukisema "she has worn a red jacket", mgeni atabaki anangoja umwambie lini na wapi, wakati wewe unamwonyesha mtu aliyesimama pale pale.

Namna ya kujipima: ukiweza kuuliza "sasa hivi yuko katika hali gani?" na neno lako likawa jibu, tumia "is". Na ukitaja jana, juzi au mwaka jana, "have" iache kabisa: "I arrived yesterday."

Sasa lile lililonifanya nikupe nafasi yote hii. Nimefundisha darasa la jioni Moshi kwa miaka 19, na wanafunzi wangu wengi ni wagumu na wapishi wa mlimani. Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni hili la swali la kukana. Sisi tukiulizwa "hujala?" tunajibu "ndiyo, sijala", kwa kuwa tunakubaliana na maneno ya muulizaji. Mwingereza anajibu kuhusu tendo lenyewe. Kama hakula, jibu lake ni "no", hata uulize vipi.

Fikiria uko kambi ya Horombo asubuhi, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Mgeni anaonekana mnyonge. Unamuuliza, "You didn't sleep?" Anajibu, "No." Masikio yako ya Kiswahili yanasikia: hapana, nililala. Unampandisha. Kumbe amekuambia hakulala kabisa, na ukimuuliza chakula kwa mtindo huo huo utapata "no" nyingine utakayoielewa kinyume. Kukosa usingizi, kukataa chakula na kuumwa kichwa ni dalili ambazo kiongozi lazima azisikie mapema, kabla mtu hajazidiwa na kimo.

Kwa hiyo mlimani usiulize swali la kukana hata siku moja. Uliza "Did you sleep?", "Did you eat?", "Do you have a headache?" Ukijibiwa kwa neno moja ambalo huna hakika nalo, rudia kwa sentensi nzima: "So you slept well?" Mwenyewe ukiulizwa, jibu kwa sentensi nzima: "No, I haven't eaten." Angalia pia "did". Ikishatangulia, kitenzi kinarudi kwenye umbo lake la kwanza. Ni "did you sleep", si "did you slept". Wakati uliopita umeshabebwa na "did", na mzigo mmoja haubebwi na watu wawili.

Yapo mengine mawili ya huko huko mlimani. Mgeni akijikwaa, sisi tunamwambia "pole", na wengi wenu mnasema "sorry". Yeye anashangaa kwa nini unamwomba radhi, maana hukumsukuma. Mwambie "Are you all right?" Na "pole na safari" haigeuki "sorry for your journey", ambayo anaweza kuisikia kama habari ya msiba. Sema "How was your journey?", kisha umsikilize. La pili ni kusikia. Sisi tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu ya moshi. Kwa Kiingereza "hear" ni ya sauti tu: "I am hungry", "I feel cold", "I smell smoke".

Kuhusu maneno kupotea: mdomo haujazoea, basi. Chukua sentensi kumi za kazi yako, kama hizo za juu, uziseme kwa sauti. Nyie wagumu mnatangulia, wageni wanakuja pole pole nyuma, na kutoka kambi ya Mandara hadi Horombo ni mwendo wa saa nyingi. Tembea na mwenzako, mmoja awe mgeni, mwingine kiongozi, kisha mbadilishane. Fanyeni hivyo safari tatu nzima na sentensi hizo hizo kumi, msiongeze hata moja. Ya 11 itakuja yenyewe.

Na mgeni akisema jambo ukalikosa, usitikise kichwa kukubali. Sema "Sorry, could you say that again, please?" Hapo "sorry" iko mahali pake.

Mwalimu, niko mapokezi kwenye nyumba ya wageni Malindi. Bosi ameniambia wageni wanalalamika kwamba mimi ni mkali, na mimi sijawahi kumgombeza mtu. Nikosoe. – Dada wa mapokezi

Pole, dada yangu. Hebu tuangalie unachosema. Nadhani ni "Give me your passport", "You wait", "Write your name here". Kwa Kiswahili ungesema "nipe pasipoti, mama" au "subiri kidogo, kaka", na lile "mama", lile "kaka", pamoja na sauti yako, ndivyo vinavyobeba adabu. Ukivuka kwenda Kiingereza hivyo vyote vinabaki nyuma, inafika amri tupu. Kuongeza "please" peke yake hakutoshi. "Please wait" bado ni amri.

Wenzetu huiweka adabu ndani ya swali. "Could I see your passport, please?" "Could you wait a moment?" "Would you like some tea?", badala ya "You want tea?" Naomba yetu ndiyo "Could I have". Zibandike hizo nne chini ya kaunta, upande unaouona wewe, uzitumie hata kwa mgeni unayemjua kwa jina.

Nachanganya "he" na "she" hata nikimtaja mama yangu mzazi. Darasa zima linacheka. – Kidato cha kwanza, Dodoma

Kiswahili hakikukudai kutenganisha. *Anapika* ni mama, ni baba, ni yeyote. Umetoka shule ya msingi ukisomeshwa kwa Kiswahili, na sasa masomo mengi ni kwa Kiingereza. Ulimi unahitaji muda. Kila jioni chukua picha ya familia, weka kidole juu ya mtu mmoja na useme sentensi tano kumhusu, kwa sauti. "She is my mother. She sells fish." Kisha hamisha kidole kwa baba. Kidole kisihame kabla hujamaliza tano. Na wanaocheka nao wanachanganya, nimewasikia miaka yote hiyo.

Mwalimu, nimeambiwa interviu ni "two o'clock". Nikaenda saa mbili asubuhi, nikakuta mlango umefungwa, nikakaa kibarazani hadi nikakata tamaa. – Mtafuta kazi, Morogoro

Inaniuma, kwa sababu ulijiandaa na ukawahi. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, wao tangu usiku wa manane na adhuhuri, na tofauti ni saa sita. "Two o'clock" ya mchana ni saa nane. Tazama saa ya ukutani: namba inayokabiliana na ile unayoisikia ndiyo ya upande wa pili. Mbili inatazamana na nane, moja na saba, sita na kumi na mbili. Ukipewa saa kwa Kiingereza, irudie na kipindi chake papo hapo: "Two in the afternoon?" Waandikie leo, uwaeleze ulifika ukakuta pamefungwa, uombe siku nyingine: "I came at eight in the morning by mistake. Could I come on another day, please?"

Mume wangu amepiga marufuku Kiswahili nyumbani ili mtoto ajue Kiingereza. Ana miaka minne. Sasa hivi haongei sana. – Mama, Mbezi

Mama, kaa na mzee wa nyumba, na umsomee jibu hili. Mtoto wa miaka minne anajifunza kuuliza, kubisha, kusimulia kilichompata uani. Hayo anayajifunza kwa lugha ambayo nyie wawili mnaijua hadi ndani, mnayoweza kuchekea na kubembelezea. Akishajua kusimulia, Kiingereza kitamkuta ana la kusema. Mkimnyang'anya hiyo, anabaki na "sit down" na "come here" mlizo nazo nyie. Kama mnataka Kiingereza nyumbani, tengeni robo saa ya hadithi moja ya Kiingereza kila jioni, kitabu mapajani. Usiku huu, kabla hajalala, mwulize kwa Kiswahili leo amecheza nini, na umwache amalize.