Usimpe Funguo za Baa Mtu Asiyejua Kusema Hapana

Juzi nimepata ujumbe wa kijana mmoja wa Watamu. "Dada, leseni imetoka, friji zimefika, Disemba ndiyo hiyo. Nimuweke shemeji awe meneja? Ana digrii, na watu wanampenda sana."

Hapo pa "watu wanampenda" ndipo nilipoweka simu chini nikaenda kuteleka chai.

Mimi nina baa hapa Malindi, pembeni kidogo ya barabara ya Lamu, na pombe yenyewe sinywi. Nilipotafuta meneja, mjomba alimleta mwanawe. Kijana mtanashati, Kitaliano kinamtiririka, hakuna mhudumu wa mji huu asiyemjua. Ukoo ulikuwa umeshamwapisha. Nikasema haya, aanze kaunta, nimtazame.

Nikamtazama. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile tunayoiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, inairuhusu baa ya kawaida kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, na wikendi na sikukuu kuanzia saa nane mchana. Saa tano ikagonga. Mzee mmoja mwenye pesa zake akataka ya mwisho. Binamu akampa. Ikaja ya mwisho nyingine. Mzee hajui hata gari ameliegesha wapi, binamu anamfungulia tu, "bosi, bosi", na wale wa meza ya pili wakaona kumbe saa tano ya hapa ni maneno.

Kazi nilimpa mama mmoja aliyekuwa karani wa ghala la saruji. Hajui cocktail hata moja! Mzee yuleyule alipomjaribu, alimletea bili na maji, akamwitia tuktuk, akamwambia, "Baba, kesho tupo." Mzee alitukana mpaka watu wakageuka. Kesho yake alirudi, akaketi palepale.

Mjomba tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu. Harusi ya binti yake nilisikia kwa majirani. Sawa. Lakini niulize: kaunti ikifuta leseni, jina lililoandikwa pale ni la nani? La ukoo? Digrii haijawahi kumrudisha mlangoni mtoto wa miaka 17. Anayemrudisha ni mtu asiyeona haya kuomba kitambulisho, hata kama huyo mtoto ni wa mwenye nyumba.

Vyeti vya tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na vya afya kwa wanaoshika chakula, omba, tia kwenye faili, tuendelee.

Maana wizi wa baa hauonekani kwenye faili. Wapo wanaoingia na chupa yao wenyewe, wameinunua dukani kwa bei ya duka. Wanaiweka rafuni kwako, wanauza toti kwa bei yako, mteja anatuma pesa kwenye simu ya mhudumu. Asubuhi unahesabu stoki, imelingana, unamsifu mtu kwa uaminifu. Sisi kila chupa inayoingia tunasoma stempu yake ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato, kwa programu ya simu ya Soma Label na kuandika namba daftarini. Chupa ambayo namba yake haimo daftarini si yetu. Yule mama ndiye aliyeuanzisha mtindo huu, si mimi. Karani wa saruji amezoea kuhesabu mifuko. Na malipo yote yaende kwenye till, yaani namba ya malipo kwa simu ya baa, ujumbe uingie kwenye simu yako, si ya meneja. Meneja mzuri hatakasirika. Akikasirika umeshapata jibu.

Jamani, tuache kugawa vyeo kwa undugu na ucheshi. Mcheshi anaiuza pombe vizuri, tatizo ni kwamba hajui kuacha kuiuza. Tafuta mtu wa kusema hapana. Hapana kwa mlevi, hapana kwa deni, hapana kwa rafiki yako wewe mwenyewe.

Basi kijana wangu wa Watamu, mpe shemeji kaunta, Jumamosi yenye watu, wewe kaa pembeni na soda. Mtume mtu asiyemfahamu aombe chupa ya deni, kisha mwingine aagize baada ya saa tano. Akiwapa, mtafutie kazi ya kuleta wageni kwa kamisheni, huko ndiko kupendwa kutamfaa. Mkeo atanuna. Hilo sina ushauri nalo, mjomba wangu mwenyewe mpaka leo hanipokelei simu.